Chuma Moyoni mwa Fundi Mizani

Jumapili, 8 Desemba 2002

Naanza leo, na nitaandika mpaka tarehe 30 Aprili. Siku hiyo Baba atameza kidonge cha mwisho cha pinki, nami nitafunga daftari hili. Daktari wa Madras alisema miezi sita kamili tangu siku walipomwekea chuma, asiruke hata siku moja. Nitaandika na mvua pia, maana daftari la ugonjwa mtupu litanichosha.

Kama panya hawatalila na mtu akalisoma, ajue haya. Mimi ni Mwanne, nafanya kazi maabara ya hospitali. Baba yangu, Halfani Bushiri, ni fundi mizani, karakana yake iko ubavuni mwa soko la Majengo. Tangu serikali ilegeze biashara kila mtu ni mnunuzi, wa alizeti, wa ufuta, wa karanga. Kila mnunuzi ana mizani, na kila mizani inadanganya mpaka ipitie mikononi mwa Baba. Mwezi wa Juni kifua kilimkamata akiwa ameshika jiwe la kilo hamsini. Mshipa wa moyo ulikuwa umeziba, na wa kuuzibua hapa nchini hakupatikana. Soko likachanga, msikiti ukachanga, hata mnunuzi mmoja wa maharage kutoka Kibakwe alileta magunia yake akasema uzeni. Baba akaenda India. Walimpitishia waya kwenye kinena mpaka moyoni, wakautanua mshipa, wakaacha humo kijichuma cha wavuwavu ili usijifunge tena. Yeye anakiita "springi yangu".

Nyumbani yupo mke wake, Shamila. Nimemzidi miaka mitatu. Aliolewa mwaka uliofuata baada ya mama yetu kufariki. Namsabahi kila nikifika, "Habari za hapa." Shikamoo sijampa na sidhani kama nitampa.

Mvua bado.

Jumatatu, 9 Desemba

Nimeanza kumpima Baba ESR. Kila Jumatatu nitafanya hivyo hivyo. Unaweka damu kwenye mrija mwembamba uliosimama wima, unaiacha saa nzima, kisha unasoma imezama milimita ngapi. Mwilini kukiwa na uvimbe mahali, damu huzama haraka.

Daktari Elieza wa hospitali yetu ndiye aliyenitia hofu, na namshukuru. Aliniambia mshipa haupendi chuma. Unakichukia kama jicho linavyochukia kibanzi: unavimba, unajaribu kukifunika, na ukikifunika sana njia inaziba upya. Vidonge ndivyo vinavyoutuliza mshipa na kuzuia damu isigande juu ya chuma. Cheupe asubuhi, cha pinki asubuhi, cha kushusha mafuta ya damu jioni.

"Na ESR itaniambia kama unavimba?" nikamuuliza.

"Itakuambia kuna jambo, dada Mwanne. Jambo gani, haitasema."

Leo ni 24. Kwa mzee wa miaka sitini na minne aliyetoka kutobolewa, si mbaya.

Alhamisi, 12 Desemba

Mvua ya kwanza. Watu wote wamekimbilia mashambani, maabara nimebaki na mrija na nzi.

Jumatatu, 23 Desemba

22. Baba amepiga miluzi nilipomwambia.

Jumamosi, 28 Desemba

Wageni hawaishi. Leo peke yake nimewahesabu tisa ukumbini, wote wa kumpa pole, na kila mmoja anataka asimuliwe springi. Baba anasimulia kama aliyekwenda Makka. Anawaonyesha kovu la kinena, mzee mzima bila haya. Shamila anapika chai sufuria kwa sufuria. Mzee Yahaya mchinjaji, rafiki yake wa tangu shule, ndiye haondoki. Hukaa mkono kifuani, anapumua kwa sauti, anasema, "Na mimi hapa Halfani, pananibana hapa."

Nilimwambia, "Shikamoo mzee Yahaya. Njoo hospitali upimwe."

"Marahaba. Nitakuja, mwanangu, nitakuja." Akameza kipande cha tatu cha muhogo. Hatakuja.

Jumatatu, 6 Januari 2003

26. Mvua haijarudi tangu Krismasi. Mahindi ya Baba kule Mtumba yamefika magotini na yamejikunja majani.

Ijumaa, 10 Januari

Nimekwenda karakana, nimekuta kufuli. Majirani wanasema amekwenda Haneti kutengeneza mizani ya mnunuzi wa alizeti. Haneti! Njia ile ya mashimo, mtu mwenye chuma moyoni, juu ya lori. Aliporudi nilimsubiri mlangoni.

"Walinichangia, Mwanne. Leo wananiita mizani imeharibika, niwaambie nini? Niwaambie moyo mmeshautengeneza, ila sina nafasi nanyi?"

"Waambie daktari amekataza."

"Daktari hakuchanga," akasema, akaingia ndani.

Ningemjibu, tungelaumiana mpaka jua lizame.

Jumatatu, 20 Januari

38. Nimerudia kipimo. Damu mpya, mrija mpya, nikakaa nao saa nzima nisije nikasingizia mtikisiko wa meza. 38.

Nimemuuliza Baba kama ana homa, kikohozi, jino. Hana. Nimemuuliza dawa. "Nameza," akasema, akiwa anatazama dirishani. Nimeandika hapa kwamba alitazama dirishani.

Jumanne, 21 Januari

Jua.

Jumatano, 22 Januari

Jua. Vumbi limeingia hata kwenye darubini.

Jumatatu, 27 Januari

41. Nimempelekea Daktari Elieza. Amesema tusubiri, ameniuliza tena kuhusu dawa. Tusubiri mpaka lini? Mimi si mtu wa kusubiri. Nimeazimia wiki hii kukagua kila kinachoingia kinywani mwa Baba, kuanzia chumvi.

Jumatatu, 3 Februari

47.

Nilitoka kazini moja kwa moja mpaka nyumbani, nikamwambia Shamila anipe kopo la dawa. Ni kopo la maziwa ya unga, Baba huliweka juu ya kabati. Vidonge vya pinki vilikuja katika karatasi za kumi kumi, za kuminya. Kutoka leo mpaka tarehe 30 Aprili ni siku themanini na saba, kwa hiyo karatasi zilipaswa kuwa karibu tisa. Nilikuta kipande kimoja. Vidonge vinne.

Nimeuliza, "Viko wapi?"

Shamila akasema hajui. Alisema kwa sauti ndogo, macho chini, na mimi nikaona hatia. Hasira ilinipanda. Nilimwambia mbele ya Baba kwamba maduka ya dawa ya Uhindini yangevinunua vidonge hivyo mbio, na kwamba mama yangu aliishi na mzee huyu miaka thelathini na haikupotea hata sindano. Nilimwambia aliolewa na mgonjwa akidhani ameolewa na fundi.

Shamila alifunika sufuria, akatoka uani.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake. "Mwanne, nyamaza," akasema. "Vitatosha."

"Vinne vitatosha mpaka Aprili?"

Akageukia dirishani tena.

Nimepiga simu Dar es Salaam kwa mdogo wangu Imrani. Hapa mjini dawa hiyo haipo, nimezunguka maduka yote. Imrani ameahidi kuitafuta huko.

Ijumaa, 7 Februari

Kidonge cha nne kimemezwa leo mbele yangu. Imrani anasema duka moja linavyo, lakini mzigo umekwama bandarini. Wiki ijayo, wanamwambia. Baba anaendelea na cheupe. Daktari Elieza amekunja uso, akasema, "Cheupe peke yake ni mguu mmoja."

Jumatatu, 10 Februari

52. Wiki ijayo, wanasema.

Jumatano, 12 Februari

Idd Kubwa. Nilikwenda kula kwa Baba kwa sababu ni Idd. Shamila alinipakulia nyama nzuri kuliko ya mtu yeyote, na sikuweza kuimaliza. Ananichanganya mwanamke huyu. Mwizi gani anakuwekea maini?

Alhamisi, 13 Februari

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa nne asubuhi wameleta mtu anayetapika damu. Karatasi ya kuomba damu ilipofika maabara nikasoma jina: Yahaya. Mchinjaji wetu. Damu yake ilikuwa imeshuka hata sikuamini macho. Nilitafuta kundi lake, nikaoanisha chupa mbili tulizokuwa nazo, nikazipeleka wodini mwenyewe nikikimbia. Daktari Elieza alikuwa anamuuliza mke wake kama mzee ana vidonda vya tumbo. Anavyo, tangu zamani. Anatumia dawa gani? Za maumivu ya mgongo, akasema, na hii ya India.

Akafungua fundo la kanga, akatoa kipande cha karatasi ya kuminya chenye kidonge kimoja cha pinki.

Kilikuwa kimekatwa pembe nne, kingo zimenyooka kama zimechorwa na rula. Mkasi wa kawaida haukati hivyo. Hukata hivyo mkasi wa bati wa Baba, ule anaokatia visahani vya mizani. Tangu utotoni naujua mkato ule.

"Nani kawapa?" nikauliza, na nilikuwa ninajua.

"Mzee Halfani. Alimpa kumi, baadaye akampa tena kumi. Alisema kimemponya yeye, na kumponya yeye ni kwa michango yetu."

Daktari alinieleza nilichokuwa nakijua: dawa inayozuia damu isigande, ukimpa mwenye kidonda tumboni, kidonda hakifungi. Nikarudi maabara nikatafuta watu wa kutoa damu. Mwana mmoja wa Yahaya alifaa. Mimi nilifaa. Nilitoa.

Baba alifika saa saba, jasho limemlowanisha kanzu. Alikuwa ameshasikia. Alikunja mkono wa kanzu akaniambia, "Toa yangu. Toa yote."

"Yako haifai, Baba. Unaumwa."

"Basi nifae nini?"

Akakaa kwenye benchi la maabara, miguu yote imefumbana kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani. Nilitaka kumfokea. Nilikuwa na maneno ya kutosha wiki nzima. Lakini nilimwangalia, nikaenda kumletea maji.

Ijumaa, 14 Februari

Yahaya amepita usiku salama. Amesema neno moja, "Supu." Amenyimwa.

Jumamosi, 15 Februari

Baba alitaka kumwona Yahaya, nikampeleka. Alikaa pembeni ya kitanda. Kisha Baba akaanza, na mimi nilisimama pale pale nikasikia yote.

"Yahaya, nisamehe. Nilikupa sumu nikidhani nakupa shukrani."

"Halfani, mimi nilikuomba."

"Mlikuja wengi. Kila aliyekuja aliniambia kifua. Mtu ameuza mbuzi wake niende India, leo kifua kinambana, na kopo liko juu ya kabati langu. Ningemwambiaje? Kutoa ni moyo, tunasema. Nilianza kwa kukata kimoja kimoja. Kisha nikaona vinapungua, nikawa sivimezi mwenyewe, leo nameza, kesho simezi, ili vifike kwa watu."

"Na mkeo ukamwachia alaumiwe," nikasema mimi. Sikuweza kujizuia.

Baba akageuka. Hajawahi kunitazama hivyo. "Ndiyo. Hilo ndilo baya kuliko yote. Nilimkataza asiseme, naye akatii. Siku ile ulipomtukana nilitaka kusema, nikaona haya mbele ya binti yangu mwenye kipimo chake."

Akanyanyua mkono kama anayetaka kuendelea, ukaishia kifuani. Rangi ikamtoka usoni. Nilimwona akitafuta hewa, na Yahaya, mtu wa kulala chali na mrija mkononi, ndiye aliyepiga kelele ya kuita daktari kabla yangu.

Tulimlaza kitanda cha jirani. Cheupe akatafuna. Wakampa hewa, wakamchoma sindano ya maumivu, wakampima moyo kwa ile mashine ya waya. Daktari Elieza alisoma karatasi mara mbili. Mshipa haujafunga, akasema, lakini umekaribia. Unataka kufunga. "Nahitaji kile kidonge, Mwanne. Leo, kesho, kila siku. Imrani anasemaje?"

Imrani anasema mwisho wa mwezi.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya chumba cha majenereta. Dakika tano. Kisha nikanawa uso. Mwisho wa mwezi ni mbali, lakini Baba bado anapumua, na mtu anayepumua hatumkalii matanga.

Jumapili, 16 Februari

Nilikwenda nyumbani asubuhi kumchukulia Baba shuka. Shamila alikuwa amekaa uani, amevaa viatu.

"Dada Mwanne, amelalaje?"

Nikamweleza. Nilimwambia pia kuhusu vidonge, kwamba tungekuwa navyo hata kumi tungevuka. Sikumwomba radhi. Niliiona radhi ipo mdomoni, ikakataa kutoka.

Akasema, "Nitaleta."

"Utavitoa wapi?"

"Mimi ndiye niliyewapikia chai. Najua aliyekuja na najua aliyeondoka na nini. Wengine hawakuvimeza. Mtu akipewa dawa ya India huiweka, huisubiri siku mbaya."

Akajifunga kanga kiunoni akaondoka, kwa miguu, juani.

Alirudi wodini saa kumi na moja. Miguu yake ilikuwa nyeupe kwa vumbi mpaka magotini. Alikuwa amekwenda Majengo, Chang'ombe, Kizota, akapata lifti mpaka Mtumba kwa mkulima mmoja aliyepewa viwili, akarudi. Alifungua fundo la kanga juu ya meza ya dawa. Pembe nne ndogondogo, kingo zimenyooka. Kimoja kilikuwa ndani ya kiberiti. Kimoja kilikuwa kimeshonewa ndani ya hirizi, ikabidi aombe wembe. Mama mmoja alikuwa amekificha chini ya msahafu na alipokitoa alisema, "Mwambie Halfani moyo tulimpa yeye. Hatukumwambia aukate vipande."

Vilikuwa kumi na vinne. Vitatu karatasi ilikuwa imepasuka na vimebadilika rangi, nikavitupa. Kumi na kimoja vilikuwa vizima. Daktari Elieza alivitazama vyote kimoja kimoja, akachukua cha kwanza, akampa Baba na maji. Baba alimeza huku anamtazama Shamila.

Nilitaka kusema neno. Nilisema, "Asante." Ilikuwa ndogo mno, nikajua, naye akajua.

Jumatatu, 17 Februari

61. Vidonge: tisa vimebaki.

Alhamisi, 20 Februari

Vimebaki sita. Kifua kimetulia. Amegombana na Yahaya juu ya nani amekoroma zaidi.

Jumapili, 23 Februari

Vitatu. Imrani hapokei simu.

Jumatatu, 24 Februari

Viwili. Imrani amepokea. Mzigo umetoka bandarini asubuhi, amempa kondakta wa basi. Nilikwenda stendi saa kumi, nikakaa mpaka basi likaja. Kondakta akaniuliza, "Wewe ndiye wa dawa? Nduguyo alinitishia maisha." Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili.

ESR 55.

Jumamosi, 1 Machi

Mvua! Kubwa, ya ngurumo. Kwa mahindi ya Mtumba imechelewa, lakini mtama utasimama. Baba ametoka hospitali ndani ya mvua hiyo hiyo, amekataa mwavuli.

Jumatatu, 3 Machi

44.

Leo tumebishana juu ya jambo la maana. Nilitaka kopo likae kwangu, chini ya kufuli. Baba akakataa. "Ukilifungia kwako, wakija nitawaambia binti yangu amenizuia. Watakuona wewe mchoyo na mimi nitabaki mwema. Hapana. Nimeshamwachia mwanamke mmoja lawama zangu, sitamwachia wa pili."

"Basi utafanya nini? Maana watakuja."

"Waje."

Jumamosi, 8 Machi

Ameyafanya haya: amelitundika kopo karakanani, kwenye kulabu ya mizani kubwa, mahali ambapo soko zima linaliona. Saa mbili asubuhi alisimama mlangoni na kikombe cha maji. Wauza nyanya walikuwapo, wapagazi, watu wa msikiti, na Yahaya kwenye kigoda, mwembamba, amekatazwa kuinua hata panga.

Baba akasema, "Mlinichangia, na mimi nikawagawia mlichonichangia. Nilikosea. Yahaya huyu nusura nimzike kwa wema wangu. Dawa hii imepimwa kwa mwili mmoja. Mizani ya dhahabu hupimii magunia, na ya magunia hupimii dhahabu. Mnataka kujua michango yenu iko wapi? Iko hapa kifuani. Kila asubuhi saa mbili njooni muitazame ikishuka."

Akameza. Muuza nyanya mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti, akapaza, "Kimeshuka?"

"Kimeshuka!"

Watu wakacheka. Halafu nikaingia mimi, na hili ni langu: nimeomba kwa Daktari Elieza mashine ya presha, na kila Jumamosi nitakaa karakanani nipime kila anayesema kifua. Leo nimepima ishirini na wawili. Saba presha iko juu, nimewaandikia waende hospitali. Wawili walikuwa na njaa tu. Na mmoja alikuja kuona kama nimeolewa tena.

Jumatatu, 17 Machi

33. Zabibu zimejaa sokoni. Nimepima presha mpaka za wauza zabibu, wamenilipa kwa zabibu, nimeumwa tumbo.

Jumatano, 26 Machi

Nilipita sokoni saa mbili na robo. Baba alikuwa amechelewa. Wanawake watatu walikuwa wanaelekea nyumbani kwake kumfuata. "Anadhani ni kidonge chake," mmoja akaniambia kwa hasira.

Jumatatu, 31 Machi

28. Nimemuuliza Daktari Elieza: basi, ni mshipa uliokuwa umevimba juu ya chuma, au ni kitu kingine? Amesema hajui, na hatajua bila kumrudisha India. Karibu miezi minne nimekaa na mrija ule nikidhani unanisemea, na uliniambia neno moja tu, *angalia*. Mimi nikaangalia upande nilioutaka, nikamwona Shamila.

Nilimwambia Baba hivyo. Akasema, "Mizani hukwambia uzito. Kilichomo gunia unafungua mwenyewe." Ana maringo tangu apone.

Jumatatu, 14 Aprili

24. Mvua zimekatika. Mtama umeinamisha vichwa.

Jumatatu, 28 Aprili

19. Leo Baba amekuja maabara kuusoma mrija mwenyewe. Akaukaribia, akafumba jicho moja kama anavyosoma mshale wa mizani, akasema, "Kumi na tisa na nusu. Wewe husomi kwa makini." Nimeangalia tena. Ni kweli, ni kumi na tisa na nusu.

Jumatano, 30 Aprili 2003

Nilitangulia nyumbani alfajiri, kabla ya karakana. Sikulala vizuri. Siku sabini na tatu tangu Shamila atembee juani kwa ajili ya mtu ambaye mimi nilisema amemwibia, na bado nilikuwa nasema "Habari za hapa." Baba ameomba radhi mbele ya soko zima. Mimi, msomi wa maabara, nimeomba radhi mbele ya nani?

Alikuwa uani anapuliza moto. Nilisimama mbele yake nikiwa na mkoba wangu wa kazi. Maneno niliyoyapanga njia nzima yote yalipotea. Likabaki moja.

Nikapiga goti. "Shikamoo, mama mdogo."

Mwiko ulimdondoka majivuni. Alinitazama, akatazama nyuma yake kama kuna mtu mwingine aliyeamkiwa. Machozi yakamjia, kisha, kwa sababu yeye ni yeye na mimi ni mkubwa wake kwa miaka mitatu, kicheko kikamshinda.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Tukacheka mpaka Baba akatoka ndani amejifunga msuli, anauliza kuna nini. Hatukumwambia. Tulikwenda sokoni watatu, na saa mbili akameza cha mwisho. Yahaya ndiye aliyeuliza leo, kwa nguvu zote, na muuza nyanya akamkemea asijitoneshe.

"Kimeshuka?"

"Kimeshuka," akasema Baba, akatungua kopo tupu kwenye kulabu, akampa Shamila aende nalo akatie chumvi.